Kizibo cha Chini, Bomba la Juu au Sumaku-umeme: Ulinganisho wa Njia za Kukoroga Feleji Ndani ya Ndoo ya Kusafishia

Feleji inapomiminwa kutoka tanurini na kuingia katika ndoo ya kusafishia, bado haijawa bidhaa. Joto lake linakaribia nyuzi 1600 za Selsiasi, oksijeni iliyoyeyuka ndani yake ni nyingi kuliko inavyokubalika, salfa haijaondolewa, na aloi zilizotupwa wakati wa kumimina zimekaa karibu na zilipoangukia. Juu yake huelea slagi, yaani yale ambayo wahunzi waliyaita mavi ya chuma, ila hapa si takataka tena bali ni dawa, kwa sababu ndiyo inayofyonza salfa na chembe za uchafu, mradi feleji iifikie. Kwa hiyo kila kazi ya kusafisha, iwe ni kusawazisha joto, kueneza aloi, kuondoa salfa au kuinua chembe, hungoja feleji itembee.

Njia za kuitembeza zinazotumika viwandani ni tatu. Ya kwanza ni kupuliza gesi kupitia kizibo kilichojengwa katika sakafu ya ndoo. Ya pili ni kupuliza gesi hiyo kupitia bomba linalozamishwa kutoka juu. Ya tatu haitumii gesi kabisa: koili ya umeme huwekwa ubavuni mwa ndoo na kuisukuma feleji kwa nguvu ya sumaku. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mhandisi au meneja anayepaswa kuchagua mojawapo, au kuamua kama achanganye mbili, na msimamo wake ni kwamba tofauti kubwa kati ya njia hizi haiko katika wingi wa nguvu zinazotia ndani ya feleji, bali iko pale juu, mahali feleji inapokutana na slagi na hewa.

Kwa nini muda wa kuchanganya hautoshi kuwa kipimo

Wauzaji wa vifaa hupenda kutaja muda wa kuchanganya, yaani sekunde zinazopita tangu aloi itupwe hadi ienee ndoo nzima. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini kikitumiwa peke yake hupotosha, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu.

Tuchukue ndoo ya tani 100 yenye kina cha mita 2.5, inayopulizwa lita 300 za gesi ya agoni kwa dakika kutoka sakafuni. Gesi hiyo ikiingia katika feleji hupata joto na kutanuka takriban mara sita. Kisha, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya feleji iliyoyeyuka ina uzito wa karibu kilogramu 7000, kila mita moja na nusu hivi ya kina huongeza shinikizo linalolingana na lile la angahewa, hivyo kiputo kinachoanza safari sakafuni hutanuka tena karibu mara 2.7 kabla ya kufika juu. Kupanda na kutanuka huko ndiko kunakokoroga, wala si kasi ya gesi inapotoka katika kizibo. Msukumo wa kutoka kizibo hufifia mapema, na kuanzia hapo viputo hupanda kwa wepesi wao vikiibeba feleji pamoja navyo. Fomula iliyozoeleka ya nguvu ya kukoroga inatoa wati 34 hivi kwa kila tani katika mfano huu. Ukiitia namba hiyo katika uhusiano uliochapishwa na Nakanishi na wenzake mwaka 1975, ambao unasema muda wa kuchanganya ni sekunde 800 zikizidishwa kwa nguvu hiyo iliyopandishwa kwa kipeo cha −0.4, unapata sekunde 195, yaani zaidi kidogo ya dakika tatu.

Sasa ongeza gesi maradufu. Kipeo cha 0.4 ni dhaifu, kwa hiyo muda unapungua kwa robo tu, hadi chini kidogo ya dakika mbili na nusu. Matibabu ya feleji ndani ya ndoo kwa kawaida hudumu nusu saa au zaidi; kuokoa sekunde 45 katika nusu saa si sababu ya kununua kifaa kimoja na kukataa kingine. Njia zote tatu, zikiwa na afya, huchanganya feleji kwa dakika chache, na jambo hilo halipaswi kubishaniwa sana.

Linalopaswa kubishaniwa ni chembe. Feleji inapoondolewa oksijeni kwa alumini, huzaliwa chembe zisizohesabika za alumina, yaani oksidi ya alumini, na nyingi ni ndogo mno. Chembe yenye kipenyo cha mikromita 100 hupanda yenyewe kwa karibu milimita 3 kwa sekunde, hivyo huvuka kina cha mita 2.5 kwa robo saa. Chembe ya mikromita 10 hupanda polepole mara mia zaidi, na ingehitaji siku nzima. Hakuna kiwanda kinachoweza kuisubiri. Inapaswa kugongana na wenzake ikue, au ishikwe na kiputo kinachopita, au ibebwe na mkondo hadi kwenye slagi na ibaki huko. Kila njia ya kukoroga husaidia moja au mbili kati ya hizo, na kila moja inaweza pia kuharibu ile iliyobaki, kwa sababu mkondo uleule unaoipeleka chembe kwenye slagi unaweza kuipasua slagi na kuiachia hewa itengeneze chembe mpya.

Kizibo cha sakafuni

Hii ndiyo njia iliyoenea kuliko zote, na ina sababu nzuri. Gesi huingia chini kabisa, kwa hiyo kina chote cha feleji hutumika. Hakuna kitu kinachoning'inia ndani ya myeyuko, nafasi ya juu inabaki kwa elektrodi za kupasha joto na mifereji ya aloi, na kukoroga kunaweza kuanza wakati ule ule feleji inapomiminwa. Viputo vyenyewe vina faida ambayo sumaku haina, kwani hubeba chembe, na mazingira yakiruhusu hufyonza haidrojeni na nitrojeni zilizoyeyuka.

Mahali pa kukiweka kizibo pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kikiwa katikati ya sakafu, safu ya viputo hupanda wima, feleji husambaa juu kuelekea kuta, hushuka kando ya kuta na kurudi katikati, na hivyo kufanya mzunguko wenye umbo la pete. Mchoro huo unapendeza machoni, lakini pembeni mwa sakafu feleji hutuama, na kinachoingia humo hukawia kutoka. Kikisogezwa hadi karibu nusu ya njia kati ya katikati na ukuta, ulinganifu huo huvunjika, mzunguko mmoja mkubwa hutawala ndoo nzima, pembe zilizotuama hupungua, na muda wa kuchanganya hufupika kwa kiwango kilekile cha gesi. Kikisogezwa mbali zaidi, safu ya viputo huegemea ukuta na kuanza kuyala matofali ya kuhimili moto. Nusu ya njia ni mapatano kati ya mtiririko na matofali, na sijaona sababu nzuri ya kuchagua katikati isipokuwa pale muundo wa ndoo ya zamani unapolazimisha.

Kizibo kimoja au viwili? Kwa ndoo ndogo kimoja hutosha. Kwa ndoo kubwa, viwili vilivyowekwa pande zinazotazamana hugawa gesi, hivyo kila safu hupasua slagi kidogo kuliko safu moja yenye gesi yote, na kwa kawaida uchanganyaji huwa wa haraka zaidi. Vikikaribiana mno, safu mbili huvutana na kuungana juu, na faida ya kuzigawa hupotea. Lakini faida ninayoithamini zaidi haipatikani katika michoro ya mtiririko: kizibo kimoja kikiziba, kingine kinabaki. Gharama yake ni kwamba sakafu sasa ina matundu mawili, na kila tundu katika sakafu ya ndoo ni mahali ambapo feleji inaweza kutoroka.

Kuna pia chaguo la aina ya kizibo. Kizibo cha vinyweleo hutengenezwa kwa punje za kauri zilizoshikamana zikiacha nafasi ndogo ndogo zisizo na mpangilio. Hutoa viputo vingi kwa ulaini, jambo linalofaa kwa hatua ya mwisho ya kukoroga polepole, lakini mwili wake ni dhaifu na huchakaa upesi. Kizibo cha mianya ni tofali zito lililopasuliwa njia nyembamba zenye upana wa sehemu ya milimita. Ni imara, na kiasi cha gesi kinachopita hutabirika vizuri. Kasoro yake inaeleweka ukikumbuka kwamba feleji hailoweshi kauri, kama vile zebaki isivyolowesha kioo. Katika kinyweleo chembamba sana, kutolowesha huko peke yake huizuia feleji isiingie hata gesi ikifungwa. Katika mwanya mpana zaidi, kizuizi hicho ni kidogo kuliko uzito wa mita mbili au tatu za feleji iliyo juu, kwa hiyo gesi ikikatika feleji huingia mwanyani na kuganda. Hapo fundi hulazimika kukichoma kizibo kwa bomba la oksijeni kati ya safari moja na nyingine, yaani kati ya ujazo mmoja wa ndoo na unaofuata, na kila uchomaji hula milimita za kizibo chenyewe. Kiwanda ambacho gesi yake hukatikakatika kitateseka zaidi na mianya kuliko na vinyweleo, na ni afadhali kirekebishe mfumo wa gesi kabla ya kubadilisha aina ya vizibo.

Kisha kuna jicho. Safu ya viputo inapofika juu huisukuma slagi kando, na feleji tupu huonekana iking'aa ndani ya duara ambalo mafundi huliita jicho. Jicho hukua gesi ikiongezwa na slagi ikiwa nyembamba. Kupitia jicho, hewa huigusa feleji: oksijeni yake huunguza alumini iliyokusudiwa kubaki na kuzalisha alumina mpya, na nitrojeni yake huyeyuka na kubaki. Hata hivyo, kingo za jicho hilo hilo ndipo matone ya slagi yanapong'olewa na kuchanganyika na feleji, na uso wa kukutana kwa vitu hivyo viwili hukua mara nyingi. Hapo ndipo salfa inapohama kwa kasi. Anayetaka kuondoa salfa anataka msukosuko huo, ilhali anayetaka feleji safi mwishoni anauogopa. Kizibo kina uwezo wa kuwatumikia wote wawili, kwa sharti kwamba gesi ipunguzwe kwa wakati, na kwamba mfumo wa kuipima uweze kusoma kiwango kidogo kwa usahihi uleule unaosoma kiwango kikubwa. Mifumo mingi hushindwa katika sharti hilo la pili.

Bomba la kuzamishwa kutoka juu

Bomba hili ni la chuma lililovikwa kauri, na linateremshwa ndani ya feleji huku gesi ikiwa tayari inapita. Kama mkorogaji wa kila siku, nalihesabu kuwa la mwisho kati ya njia zote tatu. Ncha yake haifiki sakafuni, hivyo kina kinachofanya kazi ni kifupi na feleji iliyo chini ya ncha hukorogwa kidogo. Viputo hupanda vikilikumbatia bomba, hulitikisa, na kuila kauri yake hasa pale linapopita katika slagi. Juu, mrusho wa matone ni mkubwa, na nafasi ya kulishusha hugombaniwa na elektrodi.

Lakini lina kazi mbili ambazo hazina mbadala rahisi. Moja ni kupuliza unga: chokaa, kabidi ya kalsiamu au unga wa kalsiamu na silikoni hubebwa na gesi hadi ndani kabisa ya feleji, na chembe za unga hufanya kazi zikiwa njiani kupanda, bila kusubiri mkondo uzikutanishe na slagi. Nyingine ni uokoaji, kwa maana kizibo kikikataa kufunguka na tani 100 za feleji zikiwa zimesimama zinapoa, bomba la juu ndilo linaloinusuru safari hiyo. Kwa sababu hiyo swali la busara juu ya bomba la juu si kama lichukue nafasi ya kizibo. Ni kama kiwanda kinaweza kuthubutu kuwa na kizibo bila bomba la akiba. Kwa ndoo yenye kizibo kimoja, jibu langu ni hapana.

Kikorogeo cha sumaku-umeme

Njia hii ina historia yake. Katika miaka ya 1960, makampuni ya Uswidi ya ASEA na SKF yaliunganisha kukoroga kwa sumaku na kupasha joto kwa umeme ndani ya ndoo moja, na mchakato huo ukachukua majina ya makampuni hayo mawili. Wazo lake ni lile la injini ya umeme: koili hutoa uga wa sumaku unaosafiri, uga huo huamsha mikondo ya umeme ndani ya feleji, na mikondo hiyo husukumwa na uga ule ule. Hakuna haja ya feleji kuvutwa na sumaku, na kwa kweli haivutwi, kwa kuwa chuma hupoteza usumaku wake kikifika takriban nyuzi 770.

Kuna masharti mawili ya kifizikia yanayoamua gharama. Uga wa umeme wa kawaida wa hezi 50 ungepenya feleji kwa sentimita 8 hivi tu na kuishia ukutani. Kwa hezi 1 unapenya karibu sentimita 60, na ndiyo maana vikorogeo hivi huendeshwa kwa marudio madogo sana, jambo linalohitaji kigeuzi maalumu cha umeme. Sharti la pili ni ganda la ndoo: chuma cha kawaida kingeufyonza uga huo kabla haujafika ndani, kwa hiyo upande unaotazama koili lazima uwe wa chuma cha pua kisichovutwa na sumaku. Kiwanda chenye ndoo kumi na mbili kinazo ndoo kumi na mbili za kubadilisha ganda. Nimeona makadirio yaliyohesabu koili na kigeuzi kwa uangalifu mkubwa, kisha maganda ya ndoo yakatajwa katika mstari mmoja wa mwisho, kana kwamba ni rangi ya kupaka.

Yakishalipwa hayo, faida zake ni za kweli. Mkondo ni mpana na laini, huweza kugeuzwa kupanda au kushuka ukutani, na nguvu yake hurudiwa sawasawa safari baada ya safari kwa sababu haitegemei kama kizibo kimefunguka. Slagi haipasuki, jicho halitokei, na kwa hiyo feleji hailishwi hewa. Hakuna tundu sakafuni kwa ajili ya kukoroga. Wakati wa kupasha joto kwa elektrodi, mkondo huo hushusha joto chini mfululizo, na tabaka la juu halipati nafasi ya kuungua kupita kiasi na kuyaumiza matofali ya mstari wa slagi.

Kasoro yake ni upande wa pili wa faida hiyo hiyo. Slagi isiyopasuka ni slagi isiyochanganyika, na uso wa kukutana unabaki karibu bapa. Salfa huondoka polepole. Hakuna viputo vya kushika chembe ndogo wala vya kubeba haidrojeni. Ndiyo maana viwanda vingi vyenye kikorogeo cha sumaku havikung'oa vizibo vyake. Hutumia gesi kwa nguvu katika hatua ya kuondoa salfa, kisha hufunga gesi au kuipunguza hadi viputo vichache, na kuachia sumaku ifanye kazi ya kuzungusha katika dakika za mwisho. Kwa macho yangu huo ndio mpangilio bora kuliko yote kwa feleji safi sana, na pia ndio ghali kuliko yote. Tahadhari moja ya usalama isisahaulike: koili hupozwa kwa maji, na maji karibu na feleji iliyoyeyuka yanadai kinga na utaratibu wake.

Agoni au nitrojeni

Anayechagua gesi anachagua pia feleji gani hataweza kuitengeneza. Zote mbili hupatikana kwa kutenganisha hewa, lakini nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa na agoni haifiki asilimia moja, hivyo nitrojeni ni rahisi kwa mbali. Kwa upande wa mtiririko hazitofautiani kiasi cha kumsumbua mtu. Tofauti ni kwamba agoni haiyeyuki katika feleji, ilhali nitrojeni huyeyuka hadi kufikia karibu asilimia 0.045 katika chuma safi chenye joto la nyuzi 1600 chini ya shinikizo la angahewa. Kiasi hicho ni kikubwa mno kwa bati la kukunjwa au kwa feleji inayopasuka kingo wakati wa kusubiwa, yaani kumiminwa igande katika umbo.

Hata hivyo, kukataza nitrojeni kabisa ni ukali usio na lazima. Oksijeni na salfa hupenda kukaa kwenye uso wa feleji na huizibia nitrojeni njia ya kuingia. Kwa hiyo kupuliza nitrojeni wakati feleji ingali na oksijeni nyingi kuna madhara madogo kuliko kuipuliza baada ya alumini na chokaa kumaliza kazi yao. Tena zipo feleji zinazoitaka nitrojeni kama kiungo, zikiwemo nondo zenye vanadi na baadhi ya vyuma vya pua. Mfumo wenye mabomba ya gesi zote mbili na vali ya kubadilisha hujilipa katika kiwanda chenye bidhaa mchanganyiko. Kinachotengeneza tu feleji inayoondolewa oksijeni kwa alumini kiweke agoni na kisijipe nafasi ya kukosea.

Chini ya ombwe mambo hubadilika

Ndoo ikiingizwa katika chumba cha ombwe, yaani kilichofyonzwa hewa hadi shinikizo la paskali 100 hivi, lita zile zile za agoni hufanya kazi kubwa zaidi. Kiputo kilichozaliwa sakafuni chini ya uzito wa mita 2.5 za feleji hutanuka zaidi ya mara elfu moja kikifika juu, na fomula niliyoitumia awali inatoa nguvu ya kukoroga mara saba na zaidi. Sishauri kuiamini namba hiyo neno kwa neno, kwa kuwa sehemu kubwa ya mtanuko hutokea katika sentimita za mwisho na huishia katika kurusha matone, wala haikorogi kilichoko chini. Lakini mwelekeo ni sahihi: slagi na feleji huchanganyika kwa ukali, salfa huanguka, haidrojeni hukimbilia ndani ya viputo, na ndoo huhitaji nafasi tupu ya kutosha juu ya slagi ili isifurike. Hewa haipo, kwa hiyo jicho halidhuru tena.

Kwa atakayetumia ombwe, kizibo cha sakafuni kina ushindi ulio wazi, na sioni haja ya kurefusha. Vyuma vizito vya kufuliwa, ambavyo hupasuka ndani kwa sababu ya haidrojeni, havina njia ya mkato isiyopita hapa.

Kuchagua kwa kutazama bidhaa

Kiwanda kinachotengeneza nondo na vyuma vya ujenzi hakidaiwi usafi wa kupindukia. Kizibo kimoja kilichowekwa nusu ya njia, bomba la akiba, na nitrojeni kwa sehemu ya safari vinatosha, na pesa iliyobaki ingetumika vizuri zaidi kuboresha matofali. Kinachotengeneza mabati ya kukunjwa kina adui mmoja anayejulikana, yaani alumina inayoziba matundu ya kusubia. Kwake, dakika za mwisho za kukoroga polepole bila jicho zina thamani kuliko nguvu ya mwanzo, na hapo vizibo viwili vyenye udhibiti mzuri wa kiwango kidogo, au kizibo pamoja na sumaku, ndivyo vya kulinganishwa. Kinachotengeneza mabomba ya mafuta na gesi, ambako salfa lazima ishuke hadi sehemu chache kwa milioni, kinahitaji msukosuko wa slagi kwanza, hivyo sumaku peke yake haikifai. Feleji ya beringi iko katikati: salfa si tatizo pekee, na chembe moja kubwa huweza kuua beringi nzima, kwa hiyo mchanganyiko wa ombwe na ukorogaji mpole wa mwisho una mantiki kuliko ubingwa wa njia moja.

Kabla ya kusaini, wengi huomba majaribio ya mfano. Mfano wa maji ni wa bei nafuu na wa kuaminika kwa kiasi, kwa bahati njema ya maumbile: mnato wa feleji ukigawanywa kwa uzito wake wa ujazo unakaribiana sana na wa maji, hivyo chombo cha plastiki chenye vipimo vya theluthi moja, kikipulizwa kwa kulinganisha namba ya Froude, yaani uwiano wa msukumo wa mkondo na nguvu ya mvutano wa dunia, huonyesha mizunguko na pembe zilizotuama kama zilivyo. Usikiamini kinapoonyesha viputo na jicho. Mvutano wa uso wa feleji ni zaidi ya mara 20 ya ule wa maji, maji hulowesha kizibo na feleji hailoweshi, na mafuta yanayowekwa badala ya slagi hayana uzito unaolingana nayo. Hesabu za kompyuta huvuka vikwazo hivyo na huweza kutia joto na sumaku ndani yake, lakini makadirio ya msukosuko na ya ukubwa wa viputo hutegemea mikono iliyoyaandika. Ningeagiza zote mbili, na ningezitilia maanani pale zinapokubaliana.

Hakuna mfano utakaoonyesha uvujaji, na uvujaji ndio unaoharibu hesabu nyingi. Mita inaweza kusoma lita 300 kwa dakika huku nusu ya gesi ikitoroka kwenye maungio chini ya ndoo, na fundi akitazama namba ataamini kwamba feleji inakorogwa. Dalili zipo: shinikizo la nyuma lililo dogo kuliko kawaida kwa kiwango kilekile cha gesi, jicho dogo kuliko lile la safari ya jana, mtetemo hafifu wa ganda la ndoo. Kwa hiyo mkataba wa mfumo wa gesi usitaje kiwango cha juu cha lita pekee. Utaje pia kiwango cha chini kabisa kinachoweza kushikiliwa bila kuyumba, namna uvujaji utakavyogunduliwa ndoo ikiwa kazini, na ndoo ngapi kati ya mia zitakazofunguka zenyewe bila kuchomwa oksijeni.